Maswali ya Wasomaji: Filamu kwa Abiria wa Siti ya Nyuma

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: laptopu ipo, gari lipo, na abiria wa nyuma wamechoka kutazama barabara. Tumeanza na umeme, maana huko ndiko wengi wanakokwama.

SWALI: Chaja ya laptopu yangu imeandikwa 19.5 V na 3.34 A. Nataka ioneshe filamu safari nzima ya saa sita. Ninunue inveta ya ukubwa gani?

JIBU: Huenda usihitaji inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, kabisa. Zidisha namba hizo mbili upate wati 65. Hicho ni kiwango cha juu, pale laptopu inapofanya kazi nzito huku ikijaza betri. Betri ikishajaa, kazi ikabaki filamu peke yake, laptopu nyingi za inchi 13 hadi 15 hula wati 10 hadi 25 tu. Soketi ya kiberiti, lile tundu la kuwashia sigara kwenye dashibodi, kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 kwa gari la volti 12. Umeme upo, swali ni kuufikisha kwenye laptopu.

Kama laptopu yako hukubali kuchajiwa kwa tundu la USB-C, njia fupi ni chaja ya gari ya USB-C inayotoa wati 65 au zaidi kwa mfumo wa Power Delivery. Soma maandishi yake madogo. "Wati 100" mara nyingi ni jumla ya matundu yote. Ukichomeka simu kwenye tundu la pili, la laptopu linashuka. Kebo nayo ina mambo yake: ya kawaida hupitisha ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Kuvuka hapo unahitaji kebo ya ampea 5, ile yenye chipu ndani, inayoandikwa wati 100 au 240. Watu hurudisha chaja dukani kumbe mchawi ni kebo.

Kama tundu la chaji ni la duara, tafuta adapta ya gari inayopandisha volti 12 moja kwa moja hadi 19.5. Linganisha vitu vitatu kabla ya kulipa: volti, kipenyo cha ncha kwa milimita (cha nje na cha ndani), na mchoro unaoonesha chanya iko ndani au nje. Chaja nyingi za Dell na HP zina sindano nyembamba katikati ya ncha, na kwa hiyo sindano laptopu huitambua chaja yake. Dell isipoitambua hutoa onyo, hufanya kazi polepole na haijazi betri, hata kama volti ni sahihi kabisa.

Inveta iwe ya mwisho kufikiriwa. Inapandisha 12 hadi 220 au 240, kisha chaja inashusha tena hadi 19.5, na kila hatua hupoteza takriban sehemu moja ya kumi kama joto. Wati 65 za laptopu zinakuwa zaidi ya 80 kwenye soketi. Ikibidi, chukua ya wati 150, na kama uwezo upo, ya wimbi safi, yaani umeme laini kama wa nyumbani. Zile za wimbi la ngazi-ngazi huendesha chaja nyingi, lakini chaja huvuma na kupata moto zaidi. Usinunue ya wati 500 ukaichomeka kwenye kiberiti ukidhani umepata nguvu zaidi: fyuzi ya ampea 15 inabaki kuwa ya ampea 15. Na usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi, kwa sababu fyuzi ile inalinda waya uliojificha nyuma ya dashibodi, na waya huo haujaongezeka unene.

Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa plagi iliyo kwenye kiberiti. Uvuguvugu si neno. Ikiwa moto wa kushindwa kuishika, chemchemi zake hazibani vizuri. Umeme unapita kwenye mguso mdogo, volti zinashuka, inveta inaanza kulia ingawa injini inaunguruma. Sugua ncha, au badilisha plagi.

Mwenye lori au basi asome hapa: mengi ya magari hayo ni ya volti 24. Kifaa kilichoandikwa 12 V pekee kitaungua humo. Tafuta kilichoandikwa 12–24 V.

SWALI: Kila nikipiga stata, laptopu inazima ghafla. Chaja nimebadilisha mara mbili.

JIBU: Chaja haina kosa. Magari mengi hukata umeme wa soketi kwa makusudi wakati stata inazunguka, ili nguvu yote iende kwenye injini, na hata pasipokatwa volti hushuka sana kwa sekunde moja au mbili. Laptopu yenye betri nzima haisikii pengo hilo. Yako inasikia kwa sababu betri yake imekufa. Badilisha betri ya laptopu, au washa injini kwanza ndipo uwashe laptopu. Kama gari lako hujizima lenyewe kwenye taa za barabarani, lizime zoezi hilo kwa swichi yake safari nzima.

SWALI: Tukiwa tumeegesha, tunaweza kutazama kwa muda gani bila kuwasha injini?

JIBU: Chukua betri ya gari ya Ah 45 (ampea-saa, yaani ampea mara saa). Ni betri ya kupiga stata, haikuundwa kunyonywa hadi chini, kwa hiyo jiwekee mpaka wa theluthi moja: Ah 15. Laptopu na upotevu wa njiani hula kama ampea 2.5. Ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya redio, redio na vikorokoro vingine vinaweza kula kiasi kama hicho. Jumla ampea 5, kwa hiyo saa tatu, na hapo ni kama betri ni mpya. Ikiwa na miaka minne, kata nusu.

Usitegemee kilio cha inveta. Nyingi huanza kulia volti zikiwa zimeshuka hadi karibu 10.5 au 11, na betri ikifika huko, stata haizunguki tena. Kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya pili kinakuambia mapema: betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, na ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Hapo funga filamu. Lakini mpango mzuri zaidi ni kuijaza laptopu njiani, kisha mkiegesha mtumie betri yake yenyewe. Filamu moja ya saa mbili inaisha bila kugusa betri ya gari.

Na kama mtawasha injini mkiwa mmesimama, isiwe ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi una kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua.

SWALI: Nimefikiria kuiweka laptopu juu ya kisanduku cha katikati ya viti vya mbele, nikiifunga kwa mpira. Au mtoto aipakate. Ipi bora?

JIBU: Hakuna. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kila kisichofungwa kinaendelea mbele kwa mwendo huo huo. Kwa laptopu ya kilo 2 hiyo ni sawa na kuiangusha kutoka urefu wa karibu mita 10, na hapa inaangukia kisogo cha dereva. Mpira wa kubania unanyooka, kisha unairusha. Mtoto aliyeipakata ana ukingo mgumu mbele ya tumbo na uso.

Njia tunayoipendelea ni kutenganisha picha na mashine. Laptopu ikae chini, picha ipande juu.

Picha: skrini ya kubebeka ya inchi 10 hadi 13, isiyo na uzito mkubwa, iliyofungwa kwenye nguzo mbili za kiegemeo cha kichwa cha kiti cha mbele. Kabla ya kununua kishikio, pima umbali kati ya nguzo na unene wa nguzo yenyewe. Viegemeo vingine havina nguzo kabisa, vimeungana na kiti. Skrini yenye matundu manne nyuma, ya milimita 75 kwa 75, hufungwa kwa skrubu za M4, na hiyo ni imara kuliko kishikio cha makucha ya plastiki. Ukimaliza, shika skrini uitikise kwa nguvu zako. Ikicheza mkononi, itachomoka kwenye ajali. Kwa abiria watatu, kishikio cha mkono kinachoileta skrini katikati ya viti viwili kinaonwa na wote, mradi isionekane kwenye kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Skrini inayoonwa na dereva inakatazwa na sheria za nchi nyingi, na hata pasipo sheria, jicho hufuata kinachosogea. Usiku punguza mwanga wake, kwa sababu hata isipoonekana yenyewe, kivuli chake huonekana kwenye vioo.

Usizungushe mkanda wa kishikio ubavuni mwa kiti. Magari mengi yana mfuko wa hewa uliofichwa kwenye ubavu huo, na mkanda unaweza kuuzuia usifunguke. Vivyo hivyo, usining'inize kitu kwenye vishikio vya dari. Mfuko wa pazia hushuka hapo.

Mashine: laptopu ilale sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, imefungwa kwa mkanda wa kukaza kwenye reli ya kiti au pete ya kufungia mizigo. Waya wa HDMI wa mita 2 au 3 unatosha. Upitishe ubavuni mwa kiti, acha ulegevu ili kiti kikisogezwa usivutike tundu. Laptopu nyingi hunyonya hewa kwa chini, hivyo zulia ni adui: weka kibao chenye vijiti viwili vya sentimita 2 kuiinua. Isiwe ndani ya begi lililofungwa, wala chini ya blanketi. Halafu piga magoti uchungulie chini ya kiti cha mbele. Magari mengi yana matundu ya hita hapo kwa ajili ya miguu ya abiria wa nyuma, na laptopu iliyowekwa mbele yake inaokwa taratibu.

Mfuniko ukifungwa laptopu italala, isipokuwa umeiambia vinginevyo. Kwenye Windows ingia mipangilio ya nguvu, tafuta kinachotokea mfuniko ukifungwa, chagua isifanye chochote, kwa umeme na kwa betri. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague skrini ya pili pekee. Fanya haya nyumbani. Kibodi ndogo isiyo na waya, au hata kipanya, humwezesha abiria kusimamisha filamu bila kufungua mkanda wake.

SWALI: Mwanangu akitazama dakika ishirini anatapika.

JIBU: Macho yanaona picha iliyotulia, masikio ya ndani yanahisi gari linayumba, ubongo unavurugika. Kuangalia chini mapajani ni kubaya zaidi. Inua skrini ifikie usawa wa macho ili pembeni aendelee kuona dirisha, chagua filamu isiyo na kamera inayorukaruka, na barabara ya kona nyingi iwe ya kusikiliza tu. Wengine hawazoei hata hivyo, usimlazimishe.

SWALI: Nikichomeka laptopu kwenye AUX ya redio nasikia mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta.

JIBU: Huo ni mlio wa altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, umeingia kupitia njia mbili za ardhi (upande hasi wa umeme): moja ya chaja, nyingine ya waya wa sauti. Jaribu hivi: chomoa chaja, acha waya wa sauti. Mlio ukikata, tumemkamata. Dawa ni kitenganisha ardhi, kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndani, chenye ncha za milimita 3.5, kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Usikubali kuuziwa kichujio cha umeme kwanza. Visanduku vya bei ya chini hupunguza besi kidogo, jambo ambalo ndani ya gari linalotembea hulisikii.

Ukihamia Bluetooth mlio unakwisha ila midomo inatangulia sauti, kwa sababu sauti huchelewa kama robo sekunde au pungufu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, bonyeza herufi J. Kila mbonyezo unaisogeza sauti mbele milisekunde 50. Mara tatu hadi tano kwa kawaida zinatosha. K hurudisha nyuma.

SWALI: Watoto watatu, tundu moja la hedifoni.

JIBU: Kigawanyo cha waya tupu kinafaa kwa wawili. Wa tatu akiingia sauti inafifia, na kubwa zaidi, hakuna anayeweza kupunguza yake bila kuwapunguzia wenzake. Nunua kikuza sauti kidogo chenye matundu manne ya hedifoni, kila moja na kitufe chake cha kuzungusha sauti. Kinaendeshwa na USB. Chagua hedifoni zinazofunika sikio zima. Zile za wazi huruhusu ngurumo ya barabara, na mtoto anapandisha sauti kuishinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha usikilizaji salama kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na 80 kwa watu wazima. Hedifoni nyingi za watoto hukomea 85, kwa hiyo usiamini kisanduku, weka kikomo kwenye laptopu yenyewe pia. Dereva asivae.

SWALI: Filamu inakwama-kwama. Nyumbani ilicheza vizuri.

JIBU: Tazama inakwama lini. Ikikwama gari linapopita kwenye shimo au tuta, laptopu yako ina diski inayozunguka. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na laptopu nyingi hukiegesha pembeni zikihisi mtikisiko. Ikiendelea hivyo diski itakufa. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka; kama haiwezekani leo, nakili filamu kwenye flashi na uchezee huko. Flashi iwe na mfumo wa exFAT, kwani FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Ikikwama dakika ile ile kila mara, faili ni bovu. Ikikwama kwenye filamu za 4K (picha kubwa sana) au za H.265 (mtindo mpya wa kubana video) pekee, laptopu ni ya zamani na haina kifaa cha kufumua mtindo huo. Prosesa inabeba mzigo wote, inapata joto, inajipunguza kasi. Zigeuze kwa programu ya HandBrake kuwa H.264, mtindo wa zamani zaidi. Kwa skrini ya inchi 10 hadi 13, 720p inatosha: kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, filamu ya saa mbili ni kama GB 2.2. Ubora wa 4K kwenye skrini ya namna hiyo ni mapambo.

SWALI: Je, laptopu moja inaweza kuwaonesha watoto wawili filamu mbili tofauti?

JIBU: Kwa waya, si kirahisi. Wakiwa na tableti, ndiyo. Sakinisha Jellyfin, programu ya kugawa filamu kwa vifaa vingine, kwenye laptopu, iongoze kwenye folda ya filamu, kisha unganisha vifaa vyote kwenye Wi-Fi moja. Kwenye tableti fungua kivinjari, andika anwani ya laptopu ikifuatiwa na nukta pacha na 8096. Wi-Fi ya kuazima ya Windows (Mobile hotspot) ina kikwazo: mara nyingi hukataa kuwaka kama laptopu yenyewe haina intaneti ya kugawa. Ruta ndogo ya safari inayokula volti 5 za USB huondoa kero hiyo, na haihitaji intaneti. Hotspoti ya simu nayo kwa kawaida hufaa. Filamu inayotoka laptopu kwenda tableti haili bando. Hakikisha filamu ziko H.264 ndani ya MP4, ili laptopu itume tu bila kuzigeuza papo kwa papo, kazi ambayo laptopu dogo haliwezi kufanya mara mbili.

SWALI: Filamu za huduma ya kulipia zinatoa sauti, lakini skrini ya nyuma ni nyeusi.

JIBU: Ni HDCP, kinga ya kuzuia filamu isinakiliwe. Kila kiungo kati ya laptopu na skrini lazima kiitambue. Kimoja kikishindwa, kwa kawaida kigawanyo cha HDMI cha ovyo au kigeuzi cha kwenda VGA (tundu la skrini za zamani), picha huzuiwa. Unganisha skrini moja kwa moja ujaribu. Na usisubiri kupakua asubuhi ya safari: programu ya Netflix ya Windows, kwa mfano, iliondolewa uwezo wa kupakua mwaka 2024, na huo umebaki kwenye simu na tableti. Ulichopakua kifungue nyumbani intaneti ikiwa imezimwa.

SWALI: Naweza kuiacha ndani ya gari tukienda kula?

JIBU: Juani, hapana. Kabini iliyofungwa inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na watengenezaji wengi wameandika 35 kuwa mwisho wa kufanyia kazi. Betri ya lithiamu huchakaa haraka kwenye joto hilo, na ikivimba utaona kibodi imeinuka katikati. Hapo usiichaji tena. Kama imebidi ibaki, izime kabisa, si kuilaza, iweke kwenye buti mbali na vioo. Mkirudi, acha kipozi kifanye kazi dakika kumi ndipo muiwashe.